Siku Meneja Alipokataliwa Uwanjani

Kwa miaka mingi watu wa mji ule waliijua sauti yake bila kuijua sura yake. Alikuwa mpokea simu wa hospitali kubwa. Chumba chake kilikuwa nyuma ya ngazi, hakikuwa na dirisha, na juu ya meza yake palikuwa na vitufe ambavyo namba zake zilikuwa zimefutika kwa kubonyezwa. Mtu akipiga simu kuulizia mgonjwa wake, alisikia sauti tulivu ikimwambia, "Subiri kidogo, nakuunganisha." Basi wafanyakazi wenzake wakamwita Mama Nakuunganisha, na jina likamganda hata sokoni.

Mume wake pia alimpata kwa simu. Alikuwa dereva wa gari la mikate, na kila alfajiri alipiga kuuliza hospitali inahitaji mikate mingapi. Baada ya muda akawa anapiga hata siku ambazo hesabu haikubadilika.

"Leo mikate ni ileile," mpokea simu alimwambia.

"Najua. Nimepiga kuijulia hali tu."

Wakaoana. Wakapata mtoto mmoja wa kike, ambaye alikua, akasomea ufundi wa meno ya bandia, na kazi ikampeleka nchi ya mbali yenye baridi. Nyumbani wakabaki wawili, kisha wakaongezeka tena kuwa wanne. Wa kwanza kuja alikuwa mbwa wa rangi ya kahawia, ambaye dereva alimwokota akiwa mdogo nyuma ya magunia ya unga. Mbwa huyo alizoea kupanda garini na kukaa kiti cha mbele. "Anakula vizuri, hafanyi kazi yoyote, na anakaa mbele," dereva alisema. "Huyu ni Meneja." Mteja akilalamika kwamba mikate imekuwa midogo, dereva alimwonyesha mbwa. "Mimi nimetumwa tu, mama. Meneja huyo hapo, zungumza naye."

Wa pili alikuwa paka wa kijivu aliyejileta mwenyewe. Alichagua kiti kizuri kuliko vyote na kuwatazama watu kana kwamba anahesabu matonge yao. Huyo aliitwa Mkwe. Akiingia sebuleni, dereva alisimama kwa heshima na kumwachia nafasi.

Dereva alifia kwenye kiti cha kinyozi, kitambaa kikiwa shingoni na nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa. Siku ya pili kinyozi alikwenda chumba cha maiti na mashine yake, akamalizia upande uliobaki. Mama Nakuunganisha alipoelezwa habari hiyo alisema, "Amefanya vizuri." Ndivyo alivyosema, kwa sauti ileile ya kazini, na baada ya hapo hakulia. Si kwamba alijizuia. Waombolezaji walikaa karibu naye wakiwa na vitambaa mkononi, wakingoja, na yeye akangoja pamoja nao, lakini hakuna kilichokuja. Wakasema ana moyo wa jiwe. Wengine wakasema bado hajatambua. Walimpa vidonge vya usingizi, akaviweka kando, kwa sababu kulala halikuwa tatizo lake. Tatizo lake lilikuwa kuamka.

Angeweza kulala mchana kutwa akitazama ukuta, wala asihisi njaa. Aliyemwamsha ni Meneja. Kulipoanza kupambazuka, mbwa alikuja akaweka pua kwenye ukingo wa godoro na kuhema, akahema, mpaka mama akasimama kumfungulia mlango atoke kujisaidia. Na kwa kuwa alikwisha kusimama, hakuona sababu ya kurudi kulala. Alinawa uso. Alichemsha maji. Siku ikawa imeanza bila yeye kuamua. Bila mbwa yule isingeanza kabisa, na yeye alilijua hilo vizuri kuliko alivyojua jambo lingine lolote wakati ule.

Kwa hiyo binti yake alipompigia kumwambia kwamba karatasi zote za kuhamia kwake zimekubaliwa, alijibu, "Nitakuja. Lakini nije na mbwa."

"Mama! Na paka je?"

"Na paka."

"Mama, hata huku kuna mbwa. Tutakutafutia."

"Sijasema nataka mbwa," alijibu. "Nimesema nije na mbwa. Asipokuja, siji."

Binti hakuwahi kumsikia akitia sharti tangu msiba, akaona heri sharti kuliko kimya. Akamtafuta wakala anayesafirisha wanyama wa watu wanaohama.

Hapa ni lazima tumtaje wifi. Alikuwa mdogo wa marehemu, aliishi mtaa wa pili, aliuza katika duka la dawa, na mdomo wake haukuwa na kifuniko. Mawifi hao wawili walikuwa wamegombana kwa muda wote wa ndoa, kwa ufundi na kwa furaha. Wifi alionja mchuzi akasema, "Mtamu, wifi. Chumvi mnaiwekea akiba?" Naye Mama Nakuunganisha akamjibu, "Nimeacha nafasi ya maneno yako, yana chumvi ya kutosha." Marehemu alikuwa akizima redio ili asikilize. Baada ya mazishi wifi aliendelea kurusha maneno, lakini hayakurudi.

"Wifi, haya mapazia umeyafua au umeyatishia maji tu?"

"Nitayafua."

Wifi alirudi nyumbani kwake akiwa ameumia kuliko angetukanwa.

Wakala alikuja siku ya Jumamosi. Alikuwa mwanamume mnene, mwenye kalamu tatu mfukoni, na alipenda kuzungumza. Alileta kizimba kikubwa cha plastiki chenye mlango wa vyuma, akakiunganisha sebuleni kwa skrubu huku akieleza. Paka, alisema, atasafiri na mama mwenyewe, ndani ya mfuko wenye wavu, chini ya kiti cha mbele yake. Mbwa ni mkubwa, atakaa sehemu ya mizigo yenye hewa na joto. Wote wachanjwe kichaa cha mbwa, wawekewe kifaa kidogo chenye namba chini ya ngozi, wapimwe. Kisha mbwa azoee kulala ndani ya kizimba kabla ya safari, ili siku ya siku asikione kama jela, na siku hiyo asile chochote.

"Na jambo la mwisho, mama, hili lishike sana. Asipewe dawa ya usingizi. Watu wanadhani wanamhurumia. Kule juu dawa inashusha moyo na pumzi, na kule kwenye mizigo hakuna mtu wa kumwangalia. Akionekana amelegea, hapandi. Umenisikia?"

"Sawa."

Jioni wifi alipita kuuliza. "Wakala kasema nini?"

"Kasema sawa."

"Sawa nini sasa?"

"Kila kitu sawa."

Meneja alikataa kizimba. Waliweka nyama ndani. Alinyoosha shingo mpaka mwisho wake, miguu ya nyuma ikabaki nje, kama mtu anayechungulia chumba cha wakwe, akaichukua nyama na kurudi kinyumenyume. Mkwe aliingia mara moja, akajikunja katikati, na yeyote aliyesogea akatazamwa vibaya. Siku zikapita hivyo. Alasiri moja, nyumba ikiwa kimya, Mama Nakuunganisha alimtoa paka, akapiga magoti, akaingia kizimbani mwenyewe.

Alikuwa mwanamke mwenye umbo. Kichwa kilipita, mabega yakapita, nyonga zikagoma. Alijaribu kurudi, nazo zikagoma huko pia. Akatulia. Meneja alizunguka nyuma yake akinusa nyayo.

"Hodi wenyewe!" Wifi aliingia na mfuko wa nyanya. "Wifi? Uko wapi?"

"Karibu. Niko huku."

Wifi alisimama mlangoni, akakitazama kizimba. "Wifi," alisema, "umehama mapema hivi?"

"Namwonyesha Meneja."

"Unamwonyesha kuingia au kukwama?"

"Nivute."

"Ngoja kwanza nicheke. Siwezi kuvuta na kucheka, nitakuangusha." Alicheka mpaka akakaa sakafuni, nyanya moja ikabingirika chini ya kabati. "Ee kaka yangu, ungeona! Mkeo amekuwa mzigo kweli!" Kisha akangoja jibu. Zamani jibu lingekuja kabla hajavuta pumzi.

Toka ndani ya plastiki sauti ilisema, taratibu, "Humu kuna giza zuri."

Wifi hakucheka tena. Alishika vifundo vya miguu miwili akavuta, mpaka wifi yake akatoka, nywele zimetimka, alama ya nyuzi za vyuma ikiwa shavuni. Meneja alinusa mlango, akaingia, akageuka mara mbili, akalala. Kuanzia siku hiyo kizimba kikawa chake.

Siku ya kuondoka nyumba ilikuwa tupu, na kila neno lilirudi kutoka ukutani. Jirani mwenye pikapu alisaidia kupakia. Wifi alikuja amevaa nguo ya kutokea, macho mekundu, akapiga magoti mbele ya Meneja na kumfungulia kipande cha nyama kilichofungwa kwenye karatasi. "Chukua, mtoto wa kaka. Chukua ya njiani." Mama Nakuunganisha aliona. Alikumbuka kwamba wakala alikataza chakula siku hiyo, lakini neno lenyewe lilikuwa mbali, na kulifuata kulihitaji nguvu. Akamfungia Mkwe zipu ya mfuko.

Ghala la mizigo la uwanja wa ndege lilinuka gundi na mafuta ya mashine. Kulikuwa na mizani ya chini, watu wenye makoti yenye mistari ya kung'aa, na maboksi yenye matundu yaliyojaa vifaranga wakilia kwa pamoja. Daktari wa mifugo wa zamu, msichana aliyevaa mabuti ya mpira, alifungua mlango wa kizimba.

"Njoo, mzee. Toka nikuone."

Meneja alitoka. Miguu ya mbele ilisimama, ya nyuma ikateleza kila mmoja upande wake. Ulimi ulining'inia pembeni. Daktari alimulika macho kwa tochi, akaweka kipimo kifuani, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Amepewa nini huyu?"

Wakala alimtazama Mama Nakuunganisha. Mama Nakuunganisha alimtazama mbwa.

"Nusu," wifi alisema nyuma yao. "Nusu kidonge tu. Vile vyako, wifi, ulivyopewa wakati wa msiba ukakataa. Niliviweka. Nilisema atakaa peke yake gizani safari yote, analia, hakuna wa kumwambia pole. Nikasema bora alale."

"Lakini mama," daktari alisema, "wakala anasema wewe unauza katika duka la dawa."

"Nauza dawa za watu, mwanangu. Si za mbwa."

"Ndiyo hapo sasa." Daktari alizima tochi. "Leo hapandi. Pole sana, mama. Atakuwa mzima, hana hatari, ila kule juu siwezi kumruhusu. Aletwe akiwa safi, nitampima tena, na ndege inayofuata anaweza kwenda kama mzigo, hata peke yake, mradi kuna mtu wa kumleta huku na wa kumpokea kule."

"Wewe na paka nafasi zenu zipo," wakala aliongeza. "Ila amua, mama. Mlango wa abiria unakaribia kufungwa."

Binti alipigiwa. Alisikika akisema, "Mama, panda. Tafadhali panda. Meneja atakuja." Mama Nakuunganisha alimpa wakala simu, akatoka nje.

Pikapu ilikuwa imeegeshwa kivulini mwa ghala. Walimlaza Meneja kwenye kipande cha turubai. Wifi alikaa chini bila kujali nguo yake, na mbwa akaweka kichwa juu ya viatu vyake.

"Nitukane," wifi alisema.

"Nikutukane nini?"

"Chochote! Kikulacho ki nguoni mwako, ndiye mimi huyu. Sema mimi mjinga. Sema tangu siku ya harusi nilikuonea wivu. Sema nimemlewesha mbwa makusudi ili abaki." Alijifuta pua kwa kiganja. "Na labda nilitaka abaki. Kaka ameondoka, wewe unaondoka, na kiti cha mbele kinaondoka. Sijui. Nitukane, wifi, nakuomba. Huoni kwamba tangu kaka afe hujanigombeza hata siku moja?"

Mama Nakuunganisha alitafuta. Alitafuta kweli, kama mtu anayetia mkono kwenye mkoba akitafuta funguo, akigusa hiki na kile. Alijua tusi linapaswa kuwa pale. Hata la uongo halikupatikana.

"Maji yakimwagika hayazoleki," alisema mwishowe.

"Hilo si tusi."

"Najua."

Ndege moja ilipaa, wakangoja kelele ipite. Nyumba alikwisha kuirudisha kwa mwenyewe. Vyombo vilikwisha kugawiwa. Alikuwa amesema mbwa asipokwenda, yeye haendi, na hapo, mbele ya mlango wa ghala, alilipima neno lake na kuona kwamba kubaki kungekuwa kulala sakafuni kwa wifi, akimtazama mbwa huyuhuyu akiwa na afya, na binti akilia upande wa pili wa dunia. Kwa vyovyote, alfajiri mbwa angehitaji mtu wa kusimama.

"Anaamka kabla ya jua," alisema.

"Nani?"

"Meneja. Anaweka pua kitandani. Habweki, anahema tu. Usipoamka anaendelea."

"Nitaamka."

"Wewe hulala sana."

"Wifi, nitaamka."

"Na usimpe kitu."

"Hata maji?"

"Maji mpe."

Akainama, akamshika mbwa sikio kwa vidole viwili kama mtu anayepima kitambaa, akachukua mfuko wa paka, akaenda.

Kwenye ukaguzi wa abiria walimwambia mfuko lazima upite kwenye mashine, lakini si paka. "Mtoe, mama. Mshike mkononi upite naye hapa mlangoni."

"Akikimbia?"

"Mshike kama mtoto."

Alimtoa Mkwe. Paka alijitanua kifuani pake kwa kucha zote nne, akamtazama afisa kwa dharau kubwa. Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka. Mtoto mmoja akapiga makofi. Walipita wote wawili, mashine haikulia, na afisa akasema, "Huyu hata pasipoti hahitaji, ana sura ya balozi." Baadaye Mama Nakuunganisha aligundua mikwaruzo yenye damu shingoni. Hakukumbuka ilivyotokea. Ndani ya ndege paka hakutoa sauti. Walileta chakula, wakakiondoa.

Chumba alichopewa na binti kilikuwa safi na chembamba, na chini ya dirisha kulikuwa na kipasha joto ambacho Mkwe alikimiliki siku hiyohiyo. Binti alikuwa amenunua shuka mpya zenye harufu ya duka. Asubuhi ya kwanza hakuna pua iliyokuja kitandani. Mama aliona mwanga ukifika darini, ukashuka ukutani, ukaanza kuondoka. Binti alikuwa ameacha chai mlangoni. Aliporudi kutoka kazini aliikuta palepale, imefanya utando.

"Mama, umechoka na safari?"

"Labda."

Kesho yake ikawa vilevile. Binti alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono yake ikiwa bado na vumbi jeupe la kusagia meno, akamweleza habari za mtaa, duka lililo karibu, jirani mwenye mbwa wa aina ya Meneja. Mama alimsikiliza kwa adabu. Alipoulizwa kama anahitaji kitu, alisema hapana, na ilikuwa kweli. Binti alitoka akafunga mlango polepole, na kupitia mlango alisikika akizungumza na shangazi yake kwenye simu, "Haamki, shangazi. Nakwambia haamki."

Simu ya wifi ilikuja mchana, siku ya ndege iliyofuata. Binti alikuwa ndiyo kwanza ameingia, koti hajalivua. Alimpelekea mama simu kitandani.

"Amepita!" Sauti ya wifi ilijaa chumba. "Wifi, amepita! Yule msichana wa mabuti kampima, kasema safi kama maji. Wamempandisha. Kesho mkampokee."

"Sawa."

"Alfajiri zote niliamka. Macho yangu sasa kama ya bundi, muulize jirani. Lakini wifi, sikwambii. Alivyolia!"

Mama Nakuunganisha aliinua kichwa kutoka kwenye mto. "Alilia?"

"Si kulia, ni mayowe. Aliingia kizimbani mwenyewe, vizuri kabisa. Wakafunga mlango, wakamweka kwenye toroli. Lilipoanza kwenda akageuka, akaniona nimebaki. Akainua shingo, akatoa sauti ambayo mbwa yule sijawahi kuisikia kwake, tangu aokotwe nyuma ya magunia ya unga. Wabeba mizigo waliacha kazi, mmoja kashika boksi hewani, haliweki. Vifaranga wote kimya. Basi na mimi nikaanza. Mtu mzima, wifi, na nguo yangu ya kutokea, nalia na mbwa mbele za watu. Wakaniletea kiti."

"Alilia mpaka wapi?"

"Mpaka toroli likakata kona." Wifi alivuta kamasi. "Wifi? Upo? Nimekuudhi?"

"Rudia."

"Nirudie nini?"

"Anzia walipofunga mlango."

Wifi akarudia. Safari hii alikwenda taratibu zaidi, akaongeza rangi ya toroli, na gurudumu lake moja lililokuwa likipiga kelele, na jinsi daktari alivyojifanya anasoma ukuta. Mama Nakuunganisha alikuwa amekaa sasa, mgongo umeegemea ukuta, simu ameishika kwa mikono miwili. Binti alimwuliza kwa ishara kuna nini. Mama aliinua kidole kumwambia angoje.

Wifi alifika kwenye kona, akaishia hapo.

"Na baada ya kona?" aliuliza Mama Nakuunganisha.

Wifi hakuwa ameona zaidi ya hapo, lakini akamwambia.